Kinyozi wa Kithimani anayewapumzisha wazazi

Ni saa nane mchana, Jumapili, na Justus Nzioka anachomoa waya wa mashine yake ya kunyolea kutoka ukutani. Anauzungusha mkononi, anaufunga kwa mpira na kuutia kwenye droo. Kisha anazima redio. Mwisho anachukua shuka la maua na kulitundika juu ya kioo kikubwa, mpaka kioo chote kinafunikwa.

Nje, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, lori lililojaa mbuzi linapita likiacha vumbi. Ndani ya kibanda hiki cha mabati sokoni Kithimani, hakuna anayepaza sauti. Watu wanane wameketi kwenye benchi. Nzioka anakung'uta kitambaa cheupe na kugeukia mteja wake wa kwanza.

Mteja huyo ni Mahat, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa na hali iitwayo Down syndrome, na maneno yake ni machache, lakini adabu zake ni nyingi. Kabla ya kupanda kwenye kiti anampa Nzioka mkono. Halafu anaenda kwenye benchi na kumpa mkono kila aliyeketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa nane. Akishamaliza, anarudi kwa wa kwanza na kuanza upya.

Hakuna anayemharakisha.

"Hiyo ni raundi ya pili," Nzioka anasema, mkasi ukiwa bado mfukoni. "Kwa kawaida ni tatu."

Mama yake Mahat, Hoodo, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, amesimama mlangoni. Hana mkoba wala kitu chochote mkononi.

"Baba Mwongeli, mimi naenda," anamwambia Nzioka.

"Enda, Mama Mahat. Usirudi kabla ya saa kumi na moja."

"Na akilia?"

"Akilia nitalia na yeye."

Benchi zima linacheka. Hoodo naye anacheka huku akijitanda ushungi vizuri. Anapoulizwa anakwenda wapi, hafikirii mara mbili. "Kulala," anasema. "Wallahi, kulala tu. Niko na kitanda nyumbani, na leo hakuna mtu ndani yake isipokuwa mimi."

Hivi ndivyo Jumapili inavyokwenda katika kinyozi hiki. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, Nzioka hanyoi watu wazima. Huwanyoa watoto wenye ulemavu, polepole, kwa mkasi, kwa muda wowote kila mtoto anaohitaji. Wakati huo wazazi wawili hubaki kumsaidia, na wengine wote hufukuzwa. Ndilo neno analolitumia yeye mwenyewe: hufukuzwa. Wanatakiwa waende popote wapendapo, bila mtoto.

Familia kumi na saba sasa zimo katika zamu hiyo. Wengine hutoka hapa hapa sokoni, wengine Ndalani, na mama mmoja hutoka Matuu.

Kwenye pembe ya chumba, sakafuni, ameketi msichana wa miaka kumi mwenye nywele fupi zilizosawazishwa vizuri. Ameshika brashi laini ya kupangusia nywele shingoni na anaipitisha shavuni, juu na chini, huku macho yake yakiwa nusu yamefumba. Huyo ni Mwongeli, binti wa Nzioka. Ni yeye aliyeyaanzisha yote haya, ingawa hajatamka neno tangu akiwa na miaka mitatu.

Nzioka, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, alifungua kinyozi chake mwaka 1993, akamwoa Mutheu, mkulima wa nyanya kando ya mfereji wa Yatta. Mwongeli alizaliwa miaka miwili baadaye. Alitambaa na kutembea kwa wakati wake, na kuongea alianza mapema.

"Alikuwa ananiita 'mwaitu', mama, vizuri kabisa, kama mtu mzima," anasema Mutheu. "Halafu yale maneno yakaanza kupotea. Leo moja, wiki ijayo lingine. Mimi nilikuwa nayahesabu. Siku moja nikakuta hakuna kitu cha kuhesabu."

Yaliyofuata yalikuwa miaka ya kilio. Mwongeli hakuvumilia nguo mpya. Hakuvumilia mbwa akibweka, wala sufuria ikigongwa. Usiku alilala saa tatu au nne tu. Akiwa nje alikimbia bila kutazama mbele, na mama yake alimkimbilia.

Watu walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema mtu wa ukoo alikula kithitu, kile kiapo kizito cha Wakamba, kwa uongo, na sasa mtoto ndiye anayelipa. Wengine walimlaumu Mutheu kwa chakula alichokula akiwa mjamzito. Nzioka na Mutheu walikwenda kwa waganga wawili na wachungaji watatu. Mbuzi wote waliuzwa, halafu baiskeli.

Mwongeli alipoanza chekechea, alirudishwa nyumbani siku ya pili. Nywele zake zilikuwa ndefu na zimefumana, na sheria ya shule ilikuwa nywele fupi.

"Mimi ndiye nilikuwa kinyozi hodari soko nzima," anasema Nzioka, akitikisa kichwa. "Na mtoto wangu ndiye alikuwa na nywele mbaya kuliko watoto wote wa Kithimani. Kumnyoa ilikuwa inataka watu watatu wamshike. Mmoja miguu, mmoja mikono, mwingine kichwa. Analia mpaka anatapika. Nikasema basi, sitafanya hiyo kitu tena. Na shule ikaishia hapo."

Kuna jambo lingine analolisema bila kuulizwa, akitazama mikono yake.

"Nilikuwa natorokea kazini. Nafungua mapema, nafunga nikiwa nimechelewa. Hata kama hakuna mteja, nakaa tu nasafisha kioo ambacho kiko safi. Kwa sababu nikifunga, itabidi nirudi nyumbani."

Nyumbani alikuwa Mutheu peke yake. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na watu walikuwa wakisema sauti yake ndiyo inayowashikilia wengine wasipotee. Aliiacha kwaya Mwongeli alipokuwa na miaka minne. Ngoma ilipolia kanisani, mtoto alipiga mayowe. Mama mmoja aliyeketi nyuma yake alimwuliza kwa upole kama haiwezekani kumfungia nyumbani.

"Nilichukua mtoto wangu nikaenda, na sikurudi," anasema Mutheu.

Mchana mmoja wa Machi, mwaka 2002, jirani alikuja mbio hadi kwenye kinyozi. Alisema ametoka nyumbani kwa Nzioka, na amemkuta Mwongeli ameketi mlangoni peke yake, akijiyumbisha. Jikoni, githeri ya mahindi na maharagwe imeungua mpaka imekuwa mkaa. Mutheu hayupo.

Nzioka alimwacha mteja kwenye kiti akiwa amenyolewa upande mmoja. Alifika nyumbani, akambeba Mwongeli mabegani, akaanza kuufuata mfereji. Anasema hakuwa akiita jina la mke wake kwa sababu aliogopa kimya ambacho kingemjibu.

Alimkuta umbali wa kama kilomita mbili. Mutheu alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, viatu vimepangwa kando yake.

"Mutheu, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Kumekuwa nini?"

"Hakuna kitu. Nimekaa tu, Nzioka. Nilitaka kukaa mahali hakuna mtu ananihitaji."

Nzioka aliketi. Mwongeli aliteremka mabegani, akaketi katikati yao, akatia miguu majini kama mama yake. Maji ya mfereji yalikuwa ya vuguvugu. Mtoto alitulia.

"Mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini?" Nzioka alimwuliza mke wake hatimaye.

Mutheu alifikiri sana. "Tangu Mwongeli aanze kutembea," alisema.

Ilikuwa miaka sita.

"Kinyozi huambiwa kila kitu," Nzioka anasema leo. "Nilikuwa najua nani ameoa, nani amegombana na ndugu yake, ng'ombe ya nani imezaa. Lakini sikuwa najua bibi yangu hajapumzika miaka sita. Nilikuwa nalala kando yake."

Jioni hiyo walirudi wote watatu kwa miguu, na njiani Nzioka alitoa ahadi. Kila Jumapili mchana atafunga kinyozi kwa wateja na kukaa humo na Mwongeli, ili Mutheu abaki na nyumba yake. Jumapili mchana ndipo wanaume wa Kithimani walipokuwa wakija kunyolewa kwa wingi kuliko siku nyingine zote, na Mutheu alimkumbusha hivyo.

"Watakuja Jumatatu," alimjibu.

Jumapili ya kwanza ilikuwa balaa. Mwongeli alimwaga poda kopo zima. Alipoona sura yake ikisogea kwenye kioo, alipiga kelele mpaka wauza mahindi wakaja kuchungulia. Nzioka alitundika shuka juu ya kioo ili kelele ziishe, na zikaisha. Baadaye, bila kufikiri, aliwasha mashine ili aitie mafuta. Mwongeli alijitupa chini, viganja masikioni, mwili mzima umekakamaa.

Nzioka akazima. Mwongeli akalegea.

"Hapo ndipo nilijua," anasema. "Miaka yote nilifikiri anaogopa kunyolewa. Kumbe ni ile sauti. Kwangu ni kama nzi. Kwake sijui ni kama nini, lakini ilikuwa inamuumiza, na mimi ndiye nilikuwa nashikilia ile mashine."

Jumapili tatu zilizofuata hakumgusa nywele. Alimpa mkasi uliofungwa kwa kitambaa, aushike na kuuchezea. Jumapili ya nne alikata kishungi kimoja nyuma ya sikio, akaweka mkasi chini, akampa brashi ajipanguse. Mwongeli hakulia. Jumapili iliyofuata alikata vitatu.

Kichwa kizima kilichukua wiki tano. Kwa wiki tano Mwongeli alipita sokoni akiwa na nywele upande mmoja na upara upande wa pili, na soko lilikuwa na la kusema.

"Waliniuliza, 'Nzioka, stima ilipotea ukiwa katikati?'" Anacheka mpaka anafuta macho. "Na mimi nawaambia ndiyo, nangoja irudi."

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Hoodo alikuwa akitazama kutoka dukani kwake kila Jumapili. Wiki ambayo kichwa kilikamilika, alivuka barabara, akasimama mlangoni.

"Huyu msichana, mlimfanyia nini akakubali?"

"Hatukumfanyia kitu," Nzioka alimjibu. "Tulimngojea."

"Mimi niko na kijana," Hoodo alisema.

"Kijana gani? Mama, tumekuwa majirani miaka minne. Sijawahi kuona kijana kwako."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia."

Mahat alikuwa na miaka tisa wakati huo. Siku zake zilipita nyuma ya duka, kati ya marobota ya vitambaa, ambako wateja hawakufika. Baba yake, Abdiwahid, mfanyabiashara wa mifugo, alisafiri wiki kwa wiki kununua mbuzi upande wa Garissa. Alipokuwa nyumbani aliwachukua watoto wake wengine msikitini na sokoni, lakini Mahat hakumchukua.

"Si kwamba hakumpenda," anasema Hoodo. "Alimletea viatu, alimletea halua. Lakini nje, hapana. Alikuwa anaogopa macho ya watu. Na mimi pia, tuseme ukweli. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naona aibu, na nilikuwa naona aibu kwa sababu nimechoka."

Mahat hakuogopa mkasi hata kidogo. Alikaa kwenye kiti kama chifu na kukataa kushuka.

Baada yake akaja bibi mmoja wa Ndalani, Ndunge, akiwa amembeba mjukuu wake wa miaka saba mgongoni kwa leso. Miguu ya mtoto huyo haimbebi kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Kisha akaja bawabu mmoja na mwanawe asiyesikia. Habari zilitembea zenyewe. Kufikia mwanzo wa mwaka 2003, familia kumi na moja zilikuwa zikija.

Mwanzoni wazazi walikaa tu kwenye benchi wakingoja. Walianza kwa salamu, wakaendelea na mvua na bei ya mahindi, halafu siku moja mmoja akasema mtoto wake humwuma, na yeye wakati mwingine humpiga, na baadaye hulia chooni. Kisha Ndunge akasema, "Hata mimi." Wengine wakafuata.

Wazo la kuwafukuza lilikuwa la Mutheu. Alipitia Jumapili moja kumletea mume wake chai, akawakuta wazazi wote wamekaa.

"Niliwauliza, mbona mko hapa? Watoto wako salama. Wawili wabaki, wengine endeni mkaone dunia. Waliniangalia kama nimewatukana. Hakuna aliyekuwa anajua aende wapi."

Walijifunza. Mmoja alikwenda saluni kusukwa nywele kwa mara ya kwanza tangu arusi yake. Bawabu alikwenda kutazama mpira na akarudi sauti ikiwa imemkauka kwa kushangilia. Ndunge alikwenda kwenye hoteli iliyo karibu na steji, akaagiza chapati mbili na chai.

"Nilikula zikiwa moto," anasema bibi huyo, kwa heshima ya mtu anayesimulia jambo kubwa. "Mbili, na zote moto."

Mutheu naye alirudi kwenye mazoezi ya kwaya.

Lakini katikati ya mwaka huo, mambo yaliharibika. Kulizuka uvumi sokoni kwamba kinyozi cha Nzioka kinatumia kitana na vitambaa vya "watoto wale", na kwamba ugonjwa wao unaambukiza. Nzioka alikuwa akinyoa vichwa thelathini kwa siku, shilingi ishirini kila kimoja. Ndani ya mwezi mmoja vilishuka hadi visivyofika kumi. Wateja aliowanyoa tangu wakiwa wavulana walipita mlangoni wakitazama upande mwingine.

Kisha mwenye kibanda alikuja. Alisema wapangaji wengine wanalalamika. Akampa hadi mwisho wa mwezi: aidha Jumapili hizo zikome, au atafute mahali pengine.

"Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, kile cha wateja," anakumbuka. "Nikafikiri, Nzioka, una bibi na mtoto wa kulisha. Jumapili iliyofuata nikawaambia wazazi wiki ijayo ndiyo ya mwisho. Hakuna aliyenilaumu. Hiyo ndiyo iliniumiza. Walikuwa wamezoea vitu kuisha."

Hoodo alirudi nyumbani akamkuta mume wake ametoka safarini. Alimweleza yote. Abdiwahid alisikiliza, akamaliza chai yake.

Siku ya soko la mbuzi, asubuhi, Nzioka alikuwa amekaa bila mteja aliposikia soko likipunguza kelele. Alitoka mlangoni. Abdiwahid alikuwa akikatiza katikati ya soko, ndevu zake ndefu zikiwa na hina, na amemshika Mahat mkono. Nyuma yao walifuata wachungaji wake wa mbuzi, madereva wa malori, na wanunuzi waliotoka Thika, kama watu ishirini.

Walifika kwenye kinyozi. Abdiwahid akasimama mahali ambapo kila mtu angemsikia.

"Huyu ni Mahat," alisema. "Ni mtoto wangu wa pili. Nzioka, nyoa yeye kwanza. Halafu nyoa mimi, na hiyo hiyo kitana."

Mahat, alipoona umati, alifanya anachofanya siku zote. Alianza kutoa mkono. Wachungaji wa baba yake waliupokea. Madereva waliupokea. Akafika kwa wauza mbuzi wa Kikamba waliokuwa wamekuja kutazama, na hapo mkono wake ukabaki hewani. Ulibaki hapo kwa muda ambao Nzioka anasema ulikuwa mrefu kuliko wiki tano za nywele za Mwongeli.

Mzee mmoja akahamisha fimbo yake kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaupokea. "Habari yako, kijana," alisema.

Baada ya hapo Mahat alikuwa na kazi ya saa nzima.

Nzioka alinyoa vichwa kumi na tisa kabla ya saa sita mchana. Watu walisubiri hadi kwenye kibanda cha jirani. Saa kumi mwenye kibanda alijitokeza.

"Nilifikiri amekuja kuchukua ufunguo," Nzioka anasema. "Akakaa kwenye kiti. Akaniangalia. Halafu akasema, 'Ndevu.' Basi nikamnyoa ndevu. Hatujaongea habari ya kuhama mpaka leo."

Abdiwahid, ambaye sasa hufanya zamu yake ya Jumapili kila anapokuwa mjini, si mtu wa maneno mengi. "Niliona aibu miaka kumi," anasema. "Ile siku yenyewe, kutembea kutoka soko la mbuzi hadi hapa, ilichukua dakika tano. Ikaisha. Nikajiuliza, hizi dakika tano nilikuwa naziogopa miaka yote hiyo?"

Mwaka uliofuata, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum kutoka Machakos mjini, Mwalimu Munyiva, alisikia habari za kinyozi hicho na akaja kujionea. Sasa huja mara moja kwa mwezi. Ndiye aliyewapa Nzioka na Mutheu neno walilolitafuta kwa miaka sita: usonji, autism kwa Kiingereza.

"Nilikuja nikidhani wazazi wataniuliza dawa," anasema Mwalimu Munyiva. "Swali la kwanza niliulizwa na baba mmoja. Aliuliza kama wazazi wa Machakos pia huchoka. Nikamwambia ndiyo, huchoka sana. Ungemwona alivyopumua!"

Kwa Mutheu, lile neno halikumponya mtoto wake, lakini lilimtua mzigo. "Siku ile tuliingia kwa kinyozi na mtoto wa kithitu, tukatoka na mtoto wa usonji. Ni yule yule Mwongeli. Lakini kithitu ni mtu amekosa. Usonji hakuna mtu amekosa."

Hajifanyi kwamba shida zimekwisha. Mwongeli bado halali vizuri, na bado hukimbia akishtuka. Kuna baba wawili wa familia hizo waliowaacha wake zao na hawajarudi. Familia moja iliacha kuja, na hakuna anayejua sababu.

"Kuna siku bado nakasirika," anasema. "Tofauti ni kwamba sasa nikikasirika, ninajua mlango wa kubisha."

Na kuna lile la Agosti mwaka huu, ambalo hulisimulia akiwa amesimama, kwa sababu hawezi kulisimulia akiwa ameketi.

Alikuwa akifua nguo nyumbani, akiimba sehemu yake ya wimbo mpya wa kwaya. Alikatisha ili avute pumzi, na sauti ikaendelea. Mwongeli alikuwa ameketi kando ya beseni, mdomo umefungwa, akivumisha ile sauti ya pili puani, noti kwa noti, bila kukosea hata moja.

"Niliogopa kugeuka," Mutheu anasema. "Nilifikiri nikimwangalia ataacha. Nikaanza ubeti wa pili nikiangalia maji. Akanifuata. Tukaimba mpaka mwisho, na nguo zikabaki hapo hazijafuliwa."

Jumapili mbili baadaye alimpeleka kanisani, akamsimamisha kando yake, safu ya nyuma ya kwaya. Mpiga ngoma aliombwa aanze polepole. Mwongeli alitia vidole masikioni, akafumba macho, akavumisha wimbo wote. Nzioka alikuwa ameketi benchi la tatu, na anakiri hakusikia mahubiri yaliyofuata.

Sasa wazazi wana mipango. Shule ya msingi ya jirani imekubali kutoa darasa moja kwa watoto hawa kuanzia Januari, na kila Jumamosi akina baba huenda kupiga plasta na kurekebisha mlango ili kiti cha magurudumu kipite. Mwalimu Munyiva amepata mwalimu aliye tayari kuhamia Kithimani.

Nzioka naye ana mpango wake. Wiki iliyopita kinyozi mmoja wa Matuu anayeitwa Kitheka alikuja kumwuliza kama anaweza kumfundisha. Alikuja amebeba mkasi mpya ndani ya gazeti. Nzioka aliuangalia, akausifu, na kumwambia auache nyumbani Jumapili tatu za kwanza. Wengine wawili, mmoja wa Masinga na mmoja wa Machakos mjini, wametuma salamu kwamba nao watakuja.

"Yule mama wa Matuu hupanda gari na mtoto mzito mpaka hapa, kwa sababu ya nywele na masaa matatu ya kupumzika," anasema, akipangusa mabega ya Mahat ambaye ndiyo kwanza anakubali kushuka. "Mimi nataka kila soko liwe na mtu kama huyu. Mama atoke kwake, afike karibu tu, amwachie mtoto, aende."

Anapoulizwa mama huyo aende wapi, kinyozi wa Kithimani anacheka tena kwa sauti kubwa.

"Hiyo sasa," anasema, "si kazi yangu kujua."